Mtoto Anapobalehe, Nani Husema Naye?

Hotuba ya Kamati ya Malezi na Elimu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme habari za vijana wetu walio kati ya utoto na utu uzima, yaani wale wa miaka 10 hadi 19, na hasa habari za mioyo yao. Twashukuru kwa heshima hiyo. Mweka Hazina amekwisha kuwasomea hesabu, nanyi mmesikia kwamba mafungu mawili yamekula sehemu kubwa ya fedha zetu mwaka huu kama miaka iliyotangulia: fungu la mazishi na fungu la karo. Hatuyalaumu. Mwanachama akifa mjini sharti arudishwe kwao kwa heshima, na mtoto wa mjane sharti asome. Lakini katika daftari lile lote hamna mstari hata mmoja uonyeshao kwamba mtu mzima wa chama hiki aliketi na kijana akamsikiliza. Jambo hilo halina gharama, na yamkini ndiyo sababu halikuandikwa. Ila twachelea kwamba halikuandikwa kwa kuwa halikutendeka.

Zamani kazi hii ilikuwa na mwenyewe. Huku pwani kijana aliyebalehe alikuwa na kungwi wake, na msichana alikuwa na somo, mwanamke mzima ambaye si mama yake, wa kumfunza mambo ya mwili na ya unyumba na kumjibu maswali ambayo mama hakuulizwa. Kwa Wakikuyu kijana wa kutahiriwa alikuwa na mutiiri, aliyemshika siku ya kisu, na tangu siku hiyo akawa kama mzazi wake wa pili. Kwa Wajaluo wasichana walilala siwindhe, nyumbani mwa nyanya mzee, na huko usiku hadithi, vitendawili na mashauri vilichanganyika hata mtoto asijue hadithi imekwisha wapi na shauri limeanzia wapi.

Tazameni vizuri: katika desturi hizo zote msemaji hakuwa baba wala mama. Waliotutangulia walijua walifanyalo. Baba huogopwa na mama huonewa haya. Tena wote wawili wana mengi ya kupoteza mtoto akipotoka, kwa hiyo wakisikia neno la kutisha hupaza sauti kabla halijamalizika. Babu na nyanya hutaniana na wajukuu. Nyanya humwita mjukuu wake mume, babu humwita wake mke, na katika mzaha huo mlango hufunguka, kwa sababu mtoto ajua kwamba aweza kusema upuuzi asiadhibiwe, na kutoka katika upuuzi hupita polepole mpaka kwenye lile limlizalo.

Hatukusimama hapa kuomba zamani irudi yote. Ukeketaji wa wasichana umepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na ni vyema; asiwepo hata mmoja wetu wa kuuhesabu katika mambo tuliyoyapoteza. Hali kadhalika katika mafundisho ya wavulana yalikuwamo maneno ya kuwadharau mama zao, nayo yakizikwa hatutakaa matanga. Lakini tulipoviacha vile vibaya tuliviacha pamoja na kile kiti cha mzee aliyekuwa wa kijana. Leo mvulana hupelekwa hospitali mwezi wa Desemba, hutahiriwa asubuhi moja kwa usafi wote, na baada ya majuma machache huambiwa, “Sasa wewe ni mtu mzima.” Utu uzima wenyewe ni kitu gani, haambiwi. Msichana hupewa sodo, na tangu mwaka 2017 sheria yaitaka Serikali iwape bure wasichana walio shuleni. Lakini sodo haisemi. Nyanya yuko shamba, sisi tuko mjini katika vyumba viwili, mtoto yuko bwenini miezi mitatu mitatu, na wote watatu hukutana siku za mazishi.

Sasa tuseme kidogo juu ya mambo ambayo madaktari wameyachungua, maana yafaa wazee wayajue kabla ya kuhukumu. Mwili wa kijana huonekana umekomaa akiwa na miaka 16 au 17, naye aweza kumpita baba yake kwa kimo. Ubongo haukui kwa kasi hiyo. Sehemu zile za hisia na tamaa huamka mapema, bali sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ipimayo matokeo na kuzuia ghadhabu, huendelea kukomaa mpaka mtu apate miaka ishirini na kitu. Ni mithili ya jahazi lililokwisha kutweka tanga na usukani wake ungali kwa fundi. Ndiyo maana kijana yule yule aliye na akili ya kufumbua hesabu ngumu aweza jioni ile ile kutenda jambo la upumbavu mbele ya wenzake, na asubuhi akiulizwa sababu asema, “Sijui.” Wengi hupigwa kwa jibu hilo. Mara nyingi ni jibu la kweli.

Usingizi nao ni hivyo hivyo. Kijana wa umri huo ahitaji saa 8 hadi 10 za kulala, na saa ya mwili wake husogea mbele, usingizi ukamjia usiku zaidi kuliko ulivyomjia utotoni. Twajua sote mabweni ambamo kengele hulia saa kumi na nusu alfajiri ili watoto wakadurusu vitabu gizani. Anayesinzia darasani huandikwa mvivu. Akifanyiwa hivyo miaka minne, na mwili umekwisha kuchoka, twashangaa kwamba amekuwa mwepesi wa hasira.

Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba kati ya vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hesabuni watoto wa nyumba zenu na za ndugu zenu, mtaona kwamba si habari ya watu wa mbali. Hapa kwetu jopo lililowekwa na Serikali mwaka 2019 lilizunguka nchi likasikiliza wananchi, na katika taarifa yake ya mwaka 2020 likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Neno hilo, maradhi ya akili, twajua lawatisha watu, maana wengi humwona mara moja yule atembeaye uchi sokoni. Hatusemi habari zake. Twasema habari za mtoto aliyekuwa akicheza mpira na sasa hachezi. Aliyekuwa na marafiki watatu na sasa hana hata mmoja. Asiyekula, au alaye bila kushiba. Aamkaye usiku wa manane moyo ukimdunda, na hajui aogopa nini.

Twaomba ruhusa tueleze kisa kimoja, ambacho wenyewe wameturuhusu kukisema bila majina. Mwaka 2024 kijana wa Kidato cha Pili, ambaye alikuwa akishika nafasi nzuri tangu alipoingia shule, alirudi nyumbani kwa likizo na karatasi yenye alama za kutia aibu. Baba yake aliuliza swali ambalo kila baba huuliza, “Umekuwa wa ngapi?” Aliposikia jibu akamchapa, akamnyang'anya simu, kisha akampeleka shamba kwa nyanya yake akalime mpaka akili imrudie. Kijana hakubisha. Alilima. Siku ya nne, nyanya na mjukuu wamekaa barazani wakipukuchua mahindi, yule mama mzee akaanza kusimulia, bila kuulizwa, habari za kaka yake aliyekufa maji yeye akiwa msichana mdogo, na jinsi alivyoendelea kumtengea chakula mwezi mzima. Hakusema zaidi. Walipukuchua mahindi gunia zima hawajasemezana. Mwisho kijana akasema, na kichwa kimeinama, kwamba rafiki yake aliyekuwa akilala kitanda cha pili chake alikuwa amekufa muhula ule, ghafula, kwa ugonjwa. Ya kwamba walikusanywa uwanjani, wakaombewa, kisha wakarudishwa darasani. Na kwamba godoro liliondolewa lakini kitanda kikabaki pale pale, kitupu, na kila usiku alikuwa akikitazama.

Nyanya hakumpa hotuba. Alimwuliza jina la yule rafiki, na alikuwa mtu wa namna gani. Asubuhi alimpigia mwanawe simu, na kwa jinsi tulivyosikia, maneno yake kwa baba yule yalikuwa makali kuliko fimbo. Shule iliarifiwa, mwalimu wa ushauri nasaha akamwita kijana mara kadhaa, akahamishiwa kitanda kingine. Alama zake hazijarudi zilivyokuwa, lakini anacheza tena mpira.

Twapenda wazee wakitazame kisa hiki kwa makini, maana hekima ya mama huyo yaweza kujifunzwa. Kwanza, mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa kwenye mahindi. Kijana hapendi kuketishwa kwenye kiti na kukabiliwa uso kwa uso kama mshtakiwa. Anayetaka kusema na mvulana na aende naye kuchota maji, au akafunge naye ua, au wapande gari pamoja. Pili, yule mama alitoa lake kwanza. Hakusema, “Niambie shida yako”. Alifungua kilio chake mwenyewe, akakiacha pale, mtoto akaona kwamba katika nyumba ile kulia hakumshushi mtu. Tatu, alivumilia kimya, na hilo ndilo gumu kuliko yote kwetu sisi wazee wanaume, ambao tumezoea barazani kwamba mtu akinyamaza mwingine huchukua zamu yake. Kimya cha kijana mara nyingi ni neno lililo njiani. Ukikijaza na mawaidha neno hilo hugeuka likarudi lilikotoka, na halitatoka tena mwaka huo.

Hapa twajua wako watakaosema, “Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.” Tumelisikia neno hili katika kila kikao. Waliochapwa na wasiwe watu hawakuja mkutanoni kutoa ushahidi. Tena fimbo shuleni imekatazwa tangu mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 ikatia nguvu, kwa hiyo hoja hiyo imefungwa kwa upande wa sheria. Lakini hata kama isingefungwa, fimbo ya yule baba ilifunua nini juu ya kile kitanda kitupu?

Wengine watasema ni simu. Hatukatai kwamba simu yaiba usingizi na kuwaletea watoto mambo machafu, wala hatumlaumu mzazi aizimaye usiku. Ila tuulize mtoto huipelekea simu maswali gani. Huipelekea yale aliyoyaleta kwetu akaambiwa, “Wewe bado mtoto,” au, “Hayo umeyatoa wapi?”

Liko jambo zito zaidi, nasi hatutalizunguka. Vijana wetu wengine wanajiua. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua akapona kuwa ni mhalifu, na kwa hofu hiyo jamaa walificha, mtoto akafungiwa ndani badala ya kupelekwa hospitali. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Basi hakuna sababu ya kuficha tena. Mtoto akianza kugawa vitu vyake avipendavyo, akisema kwamba mngepumzika kama asingekuwapo, akiaga kama mtu wa safari, aulizwe waziwazi, kwa sauti ya upole, “Je, unafikiri kujiua?” Wazee wengi huogopa swali hilo, wakidhani litamtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo; wachunguzi wameona kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, bali humpunguzia mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake usiku huo, dawa za wadudu na kamba ziondolewe karibu, na asubuhi apelekwe kwa daktari. Namba ya simu 116 hupokea watoto na wazazi bila malipo. Na iandikwe ukutani, si katika shajara ya baba peke yake.

Nao wavulana twaomba wahurumiwe mahali hapa. Msichana akilia hupata wa kumfuta machozi. Mvulana akilia huambiwa mwanamume halii, na kwa kuwa machozi yake yamepigwa marufuku, hutafuta njia nyingine ya kuyatoa, na njia hizo tunazijua: pombe, ngumi, kiberiti. Mwezi wa Machi 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya sekondari ya Kyanguli, huko Machakos, kwa moto uliotiwa kwa makusudi. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 katika nchi hii zilipatwa na moto. Hatusemi kwamba kila kiberiti huwashwa na moyo ulioumia. Wakorofi wapo, na chakula kibovu kipo, na wakuu wa shule wasioshaurika wapo. Lakini angalieni desturi yetu: moto ukizimwa tume huundwa, na wanafunzi huitwa mmoja mmoja na kuulizwa kwa adabu nyingi ni kitu gani kilichowasumbua. Huulizwa baada ya moshi.

Sasa, ni nani wa kusikiliza? Madaktari wa akili katika nchi yetu ni wachache mno, na wengi wao wako mijini. Kama tutawangoja hao, watoto hawa watakuwa wazee. Lakini yako majaribio mawili yaliyotupa moyo. Huko Harare, nchini Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza na nyanya 14 wa mtaa wa Mbare. Walifunzwa kidogo, wakawekewa benchi nje ya zahanati, na mtu mwenye mawazo mengi akaketi hapo na nyanya akaeleza yaliyomlemea. Jambo hilo likapimwa kitaalamu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: walioketi na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hao walikuwa watu wazima. Kwa vijana tunao mfano wa hapa Kenya, mpango uitwao Shamiri, ambapo vijana waliomaliza shule ya sekondari karibuni hufunzwa, kisha hukaa na wanafunzi makundi kwa makundi wakizungumza juu ya kushukuru, juu ya mambo wanayoyathamini, na juu ya kwamba mtu aweza kubadilika. Ni vikao vinne tu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kwa waliohudhuria kuliko kwa wale waliofundishwa namna ya kudurusu. Nyanya na kijana aliyemaliza shule jana: chama hiki kinao wote wawili, tele.

Kabla ya kutaja tunayoyaomba, liko onyo, na twalitoa kwa heshima tukiwatazama wazee wenzetu. Anayesikiliza watoto atasikia siku moja kwamba mtoto amenajisiwa, na mara nyingi mtendaji atakuwa mtu wa nyumbani. Twajua yanayofanyika: wazee huitwa, mbuzi huletwa, maneno humalizwa “kwa ajili ya amani ya ukoo”, na mtoto hubaki akimwamkia kila siku mtu yule aliyemharibu. Tangu Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 kosa hilo ni la polisi na la mahakama, wala hakuna mzee mwenye mamlaka ya kulisamehe. Siri za kijana zitunzwe zote isipokuwa hizi mbili: anayetaka kujidhuru, na anayedhuriwa. Kijana aambiwe hivyo tangu mwanzo, asije akaona amesalitiwa. Na kwa kuwa si kila atakaye kuwa karibu na watoto ana nia njema, mazungumzo yafanywe mahali pa wazi paonekanapo na watu, wala pasiwe na mlango uliofungwa.

Twaomba basi kila tawi lichague wazee wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na vijana wawili waliomaliza shule. Sifa ya kwanza iwe kutunza siri. Elimu ije baadaye, na ufasaha wa kuhutubu usihesabiwe kabisa, maana msemaji hodari ndiye msikilizaji dhaifu. Majina yao yachunguzwe na tawi zima kabla ya kukubaliwa, na mwanachama yeyote aliye na shaka juu ya mtu aweza kumwambia Mwenyekiti faraghani. Kamati ya Karo nayo twaiomba, inapomwita mtoto kupokea fedha, isimwulize alama tu. Na imwulize rafiki yake ni nani, na analalaje.

Kwa akina baba tuna ombi moja tu. Siku ya kuzuru wanafunzi, nendeni wenyewe. Akina mama huenda, wamebeba chapati na kuku. Baba hutuma pesa. Mtoto hula chapati akitazama langoni.

Karani ameweka daftari jipya juu ya meza iliyo karibu na mlango, na majina yatapokewa mpaka mwisho wa mwezi wa Julai, ili kazi ianze likizo ya Agosti. Atakayetoa jina na aandike pia lugha azisemazo, maana watoto wetu wengine wa mjini hawaijui lugha ya nyanya zao, na nyanya wengine hawakielewi Kiswahili cha watoto hao. Itatubidi tuwapange kwa uangalifu.